Namna ya Kufuatilia Mzunguko wa Maisha wa Trematodi Kuanzia kwa Konokono wa Mikokoni

Mwongozo huu umekusudiwa mwanafunzi wa sayansi ya bahari, mwalimu wa baiolojia katika shule ya pwani, au mtafiti anayeanza, ambaye ana hadubini moja, maji safi ya bahari na muda wa kutosha. Vimelea vinavyoishi ndani ya wanyama wa baharini wasio na uti wa mgongo ni vya makundi mengi, na hakuna njia moja ya kuvichunguza vyote. Kwa hiyo nimechagua kundi moja, yaani minyoo bapa waitwao trematodi, kwa kuwa hupatikana kwa wingi, huonekana bila mashine za gharama kubwa, na mzunguko wao humlazimisha mchunguzi kuyafahamu mazingira yote ya ufuo. Makundi mengine yametajwa mwishoni, pamoja na sababu za kutotumia njia hii kwayo.

Anayeufahamu ugonjwa wa kichocho anajua tayari sehemu ya habari hii, kwa maana kichocho nacho huletwa na trematodi anayekulia ndani ya konokono wa maji baridi kabla ya kumwingia binadamu. Trematodi wengi wa baharini huongeza kituo kimoja katikati. Yai hutoka na kinyesi cha ndege au samaki. Katika baadhi ya spishi, mirasidia, yaani lava mwenye vinyweleo vya kuogelea, huanguliwa na kumtafuta konokono. Katika nyingine, konokono humeza yai anapokula tope. Ndani ya konokono, ambaye ndiye mwenyeji wa kwanza, kimelea huzaana bila jinsia na kujaza nafasi ya viungo vya uzazi kwa vizazi vya sporosisti au redia, namna mbili za lava zitakazotofautishwa katika hatua ya tano. Hao hutoa serkaria wenye mkia, nao hutoka majini na kumwingia mwenyeji wa pili, ambaye huweza kuwa kaa, chaza, mnyoo au samaki. Huko hujifunga ndani ya kifuko na kuitwa metaserkaria. Mwenyeji wa pili akiliwa na mnyama afaaye, mnyoo hukomaa tumboni mwa mlaji huyo na kutaga mayai.

Maelezo hayo yamo katika kila kitabu cha zuolojia, na ndiyo yanayowapoteza wengi, kwa kuwa huwafanya wadhani kwamba kazi ya uwandani ni kujaza majina ya spishi kwenye mchoro uliokwisha chorwa. Mzunguko wa spishi fulani haujulikani mpaka kila kiungo chake kimethibitishwa peke yake, na uthibitisho wa kiungo kimoja haukidhamini kinachofuata. Kumkuta metaserkaria ndani ya kaa na serkaria ndani ya konokono wa tope hilohilo si ushahidi kwamba hao wawili ni spishi moja.

Tunaanza kwa konokono, wala si kwa ndege au yai. Trematodi wengi huweza kutumia ndege wa aina kadhaa, na wenyeji wa pili wa aina kadhaa pia, lakini kwa mwenyeji wa kwanza huwa wachaguzi mno: spishi moja ya kimelea aghalabu hutumia spishi moja ya konokono au chache zenye unasaba wa karibu. Zaidi ya hayo, konokono hasafiri mbali, haruki, na akishaambukizwa mara nyingi hubaki hivyo maisha yake yote. Katika mwaka 1940 iliripotiwa kazi iliyofanyika Plymouth, Uingereza, ambamo Miriam Rothschild alishiriki, kuhusu konokono wa aina ya Littorina littorea aliyeendelea kutoa serkaria wa Cryptocotyle lingua kwa miaka mitano akiwa maabarani, bila kuongezewa maambukizo mapya.

Kielelezo kikuu cha mwongozo huu ni konokono Cerithideopsis californica wa mabwawa ya chumvi ya California, Marekani, ambaye hubeba takribani spishi 20 za trematodi na ambaye pengine amechunguzwa kwa upande huu kuliko konokono yeyote wa baharini. Yeye ni wa jamaa ya Potamididae, jamaa ileile ya konokono wakubwa Terebralia palustris wanaokula majani yaliyoanguka chini ya mikoko ya Gazi, Mida, Chwaka na delta ya Rufiji, na ya Cerithidea decollata wanaopanda vigogo vya mikoko kabla maji hayajajaa. Katika Ghuba ya Kuwait, ndugu yao Pirenella cingulata naye amekutwa na serkaria wa aina nyingi. Hivyo mbinu zilizozaa matunda California zinaweza kutumika Afrika Mashariki kwa marekebisho machache, ijapokuwa spishi za vimelea zitakuwa tofauti na ni kosa kuzipa majina ya huko.

Hatua ya kwanza: kibali na mahali

Utafiti unaochukua wanyama kutoka baharini unahitaji kibali. Kenya leseni ya utafiti hutolewa na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na Tanzania Bara na COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia; maeneo ya hifadhi yana masharti ya ziada, na hori la Mida, kwa mfano, limo ndani ya hifadhi ya bahari ya Watamu. Waone pia viongozi wa kijiji na kamati ya wavuvi, kwa sababu wao ndio wajuao ni wapi akina mama huokota kombe na ni wapi ndege hutua kwa wingi, na taarifa hizo mbili zina thamani kubwa kuliko ramani.

Chagua mahali ambapo ndege wa pwani hula na kupumzika. Konokono huambukizwa na kinyesi, hivyo kiwango cha maambukizo kwa kawaida hupanda pale wanapotua shakwe, vitwitwi, korongo na yangeyange. Ikiwezekana, chagua na mahali pa pili ambapo ndege ni haba, upate kulinganisha.

Hatua ya pili: kuwakusanya konokono

Nenda wakati wa bamvua, maji yakiwa yamekupwa sana, na uanze kazi maji yangali yanatoka ili usishikwe na maji ya kujaa ukiwa katikati ya matope. Vaa viatu vya mpira na glavu. Chukua konokono waliokomaa, kwa kuwa mkubwa amekaa na hatari ya kuambukizwa kwa miaka mingi zaidi, na asilimia ya walioambukizwa hupanda kadiri ukubwa unavyoongezeka. Lakini ukitaka kukadiria kiwango cha maambukizo kwa eneo zima, weka fremu ya mraba mahali palipochaguliwa kwa bahati nasibu na uokote wote waliomo, wakubwa kwa wadogo. Sampuli ya wakubwa watupu hutoa asilimia iliyopindukia.

Idadi ya kuokota hutegemea swali lako. Iwapo asilimia 10 ya konokono wana vimelea, sampuli ya konokono 29 inakupa uwezekano wa asilimia 95 wa kumpata angalau mmoja mwenye maambukizo. Iwapo ni asilimia 5, unahitaji karibu 60, na iwapo ni asilimia 2, unahitaji karibu 150. Kwa sababu hiyo taarifa isemayo kwamba eneo fulani halina vimelea, ilhali mwandishi alipasua konokono 20 tu, haina uzito.

Wasafirishe ndani ya ndoo yenye kitambaa kilicholowana maji ya bahari, mahali penye kivuli. Usiwazamishe majini wakati wa safari, kwa kuwa wataanza kutoa serkaria ndani ya ndoo na hutajua ni nani aliyewatoa. Andika papo hapo tarehe, saa, kimo cha maji, joto, kiwango cha chumvi na aina ya mti au tope ulipowapata.

Hatua ya tatu: kuwatenga na kusubiri serkaria

Hapa ndipo mahali pa kutulia, kwa maana mchunguzi akiharakisha hatua hii hukosa ushahidi ulio bora kuliko wote, yaani serkaria hai aliyekomaa na kutoka mwenyewe.

Osha kila konokono kwa brashi, ondoa tope na viumbe vilivyojibandika kwenye kombe lake, kisha mpime urefu na kumpa namba. Waache usiku mmoja bila maji, mahali penye unyevu na ubaridi kiasi. Asubuhi, weka kila mmoja ndani ya chombo chake kidogo chenye uwazi, kikombe cha plastiki au bilauri, na umimine maji ya bahari yaliyochujwa kiasi cha kumfunika tu. Maji yawe na chumvi inayokaribia ile ya mahali ulipomtoa. Maji ya bahari kuu huwa na chumvi sehemu 35 hivi kwa elfu, lakini kwenye hori la mikoko kiwango hicho hushuka wakati wa masika na kupanda wakati wa kiangazi, na konokono aliyeshtushwa na chumvi asiyoizoea hujifungia ndani. Weka vyombo mahali penye mwanga na joto la nyuzi 26 hadi 30. Mabadiliko hayo ya ghafla, kutoka ukavu na ubaridi hadi maji, mwanga na joto, hufanana na maji ya kujaa yanayofika ufuoni mchana, na ndiyo yanayowaamsha serkaria kutoka.

Chunguza kila chombo baada ya saa mbili, kisha tena baada ya saa sita, kisha kesho yake. Kiinue chombo mbele ya kitambaa cheusi huku mwanga ukipiga kutoka pembeni: serkaria wataonekana kama chembe nyeupe zinazochezacheza, wakati uchafu hushuka polepole bila kugeuza njia. Wengi huishi kwa saa 24 hivi au pungufu, kwa kuwa hawali chochote na hutegemea akiba ya nguvu waliyotoka nayo, hivyo wa jana hawafai kwa majaribio ya leo. Kagua pia kuta na sakafu ya chombo kwa hadubini ya kupasulia, kwa sababu kuna serkaria ambao hujibandika kwenye kitu kigumu na kujifunga kifuko upesi. Parorchis acanthus ni mmojawapo, na mwenye kutazama maji peke yake atamwandika konokono huyo kuwa hana kitu.

Asiyetoa serkaria siku ya kwanza apewe nafasi siku ya pili na ya tatu, naye akilishwa na kubadilishiwa maji. Hata hivyo, kutotoa si ushahidi wa kutokuwa nao. Maambukizo machanga hayajafikia kiwango cha kutoa serkaria, na baadhi ya spishi hutoka usiku au hutoka wachache mno.

Zingatia usalama. Serkaria wa jamii ya kichocho cha ndege, ambao mkia wao umegawanyika kama panda, hujaribu kupenya hata ngozi ya binadamu. Hufa humo bila kukomaa, lakini huacha vipele na mwasho mkali kwa siku kadhaa. Usitie vidole ndani ya vyombo, na ukimwagikiwa jifute papo hapo kwa kitambaa kikavu kabla maji hayajakauka juu ya ngozi.

Hatua ya nne: kumsoma serkaria

Kabla ya kumtia serkaria chini ya kioo, mtazame akiogelea. Andika kama anakimbilia mwanga au anaukwepa, kama anatembea mfululizo au anaogelea kidogo kisha ananing'inia, na kama anakaa juu ya maji au karibu na sakafu. Tabia hizo si pambo la daftari, kwa kuwa zinadokeza mahali anapokutana na mwenyeji wake wa pili: anayeshikilia sakafu hakuumbwa kumfuata samaki anayeogelea juu.

Kisha mvute kwa pipeti, mweke kwenye slaidi na tone la maji, funika kwa kioo chembamba na unyonye maji ya ziada kwa karatasi mpaka abanwe taratibu bila kupasuka. Tone dogo mno la rangi ya nyutro redi litafanya viungo vya ndani vionekane angali hai. Angalia mambo haya kwa mpangilio: umbo la mkia, kuwapo au kutokuwapo kwa madoa ya macho, kinyonyi cha mdomoni na cha tumboni, kola ya miiba kuzunguka kinywa, sindano ndogo iliyosimama juu ya kinywa, na mirija ya kutolea taka. Chora kila unachokiona. Picha ya simu iliyopigwa kupitia lenzi ni msaada mzuri, lakini mchoro hukulazimisha kuamua kama kitu kipo au hakipo, jambo ambalo kamera haikulazimishi.

Serkaria mwenye sindano kinywani hupenya wanyama wenye ngozi ngumu, na katika jamaa ya Microphallidae hao huwa ni kaa, kamba na jamaa zao. Mwenye madoa ya macho na mkia wenye utando kama pezi, wa jamaa ya Heterophyidae, mara nyingi huenda kwa samaki. Mwenye kola ya miiba, kama wale wa jenasi ya Himasthla, huenda kwa chaza, kome na konokono wengine au kwa minyoo wa topeni, na hesabu ya miiba yake ni alama muhimu ya utambuzi. Mwenye mkia wa panda na ambaye ni wa jamii ya kichocho hahitaji mwenyeji wa pili kabisa. Chukua dalili hizi kama maelekezo ya mahali pa kutafuta, si kama jibu.

Vipimo vichukuliwe kwa serkaria waliouawa kwa joto, kwa sababu aliye hai hujinyoosha na kujikunja kiasi cha kufanya kipimo kisiwe na maana. Mimina maji ya bahari yenye joto la nyuzi 70 hivi juu yao, kisha wahifadhi katika fomalini iliyozimuliwa, ukifanya kazi hiyo mahali penye hewa ya kutosha. Pima angalau 20 kutoka kwa konokono mmoja. Wengine watie moja kwa moja katika ethanoli ya asilimia 95 au zaidi kwa ajili ya vinasaba, wala usiwapitishe kwenye fomalini, maana fomalini huharibu vinasaba.

Hatua ya tano: kumpasua konokono

Konokono wote, waliotoa serkaria na wasiotoa, wapasuliwe. Lipasue kombe kwa jiriwa ndogo, ukikaza taratibu mpaka lisikike likilia mara moja, kisha uondoe vipande kwa kibanio. Nyundo hufanya kazi haraka zaidi, lakini hupondaponda ile sehemu ya ncha ambayo ndiyo unayoitaka, kwa kuwa tezi ya mmeng'enyo na viungo vya uzazi vimo katika mizunguko ya juu kabisa.

Jifunze kwanza sura ya konokono mzima. Madume wa jamaa ya Potamididae hawana uume, hivyo huwezi kutambua jinsia, wala kuhasiwa, kwa kutazama nje. Ni lazima uitazame tezi ya uzazi yenyewe, rangi yake na chembe zilizomo. Ukishazoea wazima, aliyeambukizwa atakushtua: pale palipopaswa kuwa na mayai au mbegu pamejaa vifuko vya njano, vya rangi ya chungwa au vyeupe, vingi vikijongea. Konokono huyo haendi kuzaa tena. Anakula, anatembea na huenda akaishi miaka kadhaa, lakini chakula chake kinatengeneza serkaria.

Tofautisha redia na sporosisti. Redia ana kinywa, koromeo na utumbo, na hutafuna nyama ya konokono. Sporosisti ni mfuko usio na kinywa, unaofyonza chakula kupitia ukuta wake. Ukimkuta redia, usiandike neno hilo peke yake ukaendelea. Watenge wakubwa na wadogo na upime koromeo lao. Mwaka 2011 Ryan Hechinger na wenzake wa California walionyesha kwamba trematodi wa jenasi ya Himasthla aliyemo ndani ya Cerithideopsis californica ana redia wa namna mbili: wakubwa wanaozaa, na wadogo wenye koromeo kubwa kulinganisha na mwili wao, ambao hawazai bali huwashambulia na kuwaua trematodi wengine wanaojaribu kuingia katika konokono huyo. Ni jeshi lililogawana kazi kama mchwa wa kichuguuni, na lilikuwa mbele ya macho ya watafiti kwa miongo mingi bila kutambuliwa, kwa kuwa redia wadogo walidhaniwa kuwa ni watoto tu.

Ukikuta spishi mbili ndani ya konokono mmoja, andika nani yuko wapi na nani anaonekana kudhoofika. Kwa kawaida spishi yenye redia wenye nguvu huwala wengine, na hali unayoiona ni vita ambavyo havijamalizika. Katika hesabu, konokono mwenye spishi mbili ahesabiwe mara moja katika idadi ya walioambukizwa na mara moja katika kila spishi.

Hatua ya sita: kumtafuta mwenyeji wa pili

Kazi hii ina njia mbili, na zote zinahitajika.

Njia ya kwanza ni kuchunguza wanyama wanaoishi pamoja na konokono hao: kaa wa topeni, kamba wadogo, chaza, minyoo wa topeni na samaki wa hori. Kata vipande vidogo vya misuli, matamvua, tezi ya mmeng'enyo, na kwa samaki ubongo, uvibane kati ya vioo viwili na kuvitazama dhidi ya mwanga. Metaserkaria huonekana kama duara angavu lenye ukuta. Usiruke kiungo kwa kudhani kuwa hakifai. Euhaplorchis californiensis, aliyeelezwa na Martin mwaka 1950, hujikusanya juu ya ubongo wa samaki mdogo Fundulus parvipinnis. Lafferty na Morris walionyesha mwaka 1996 kwamba samaki walioambukizwa huonyesha mara nne zaidi mienendo ya kujianika, kama vile kujipindua na kumulika ubavu, na wale wenye vimelea vingi waliliwa na ndege kati ya mara 10 na 30 zaidi ya wazima. Aliyetazama misuli na matumbo peke yake angemkosa kabisa. Nchini New Zealand nako, Curtuteria australis hujaa kwenye ncha ya mguu wa chaza Austrovenus stutchburyi, mguu ukadumaa na chaza akashindwa kujichimbia mchangani, akabaki juu ambapo ndege humwona. Kwa hiyo mnyama anayeonekana mahali asipostahili kuwapo, au anayekwenda ovyo, achunguzwe kwanza.

Njia ya pili ni jaribio la kuambukiza. Pata wanyama ambao hawakuwahi kukutana na serkaria, ama waliozaliwa katika matangi ya ufugaji, ama waliotoka mahali ambapo konokono hao hawapo. Pasua angalau 20 kati yao ili ujiridhishe kuwa ni safi. Waliobaki uwagawe makundi mawili. Kila mnyama wa kundi la kwanza awekwe katika chombo chenye maji machache na apewe serkaria hai 50 waliohesabiwa kwa pipeti, waliotoka kwa konokono mmoja anayejulikana namba yake, nao wawe na umri usiozidi saa tatu. Kundi la pili lifanyiwe kila kitu isipokuwa kupewa serkaria. Bila kundi hilo la pili jaribio halithibitishi lolote, kwa kuwa huwezi kujua kama metaserkaria uliowaona ni wako au walikuwamo tangu awali.

Pasua wachache baada ya siku moja, wachache baada ya wiki moja, na waliosalia baada ya wiki tatu au nne. Linganisha sura ya metaserkaria katika kila kipindi, kwa sababu baadhi huhitaji wiki kadhaa kukomaa kabla hawajaweza kumwambukiza mlaji, na kumlisha mlaji metaserkaria mchanga ni kupoteza jaribio. Andika pia waliokufa. Serkaria wengi kupita kiasi humuua mwenyeji mdogo, na kifo cha namna hiyo maabarani si dalili kwamba ndivyo ilivyo baharini.

Hatua ya saba: mnyoo aliyekomaa na yai lake

Watafiti wa zamani waliwalisha vifaranga wa kuku metaserkaria na kuwapasua baada ya siku chache ili kupata minyoo waliokomaa. Njia hiyo ilitoa matokeo mengi ya kutegemewa, lakini leo inahitaji idhini ya kamati ya maadili ya utafiti wa wanyama, na maoni yangu ni kwamba anayeanza hana haja nayo. Ndege waliokufa kwa kunaswa na nyavu au kwa ajali, wakichukuliwa kwa kibali, hutoa minyoo ya kutosha. Pasua utumbo kwa vipande, osha kila kipande mara kadhaa kwa maji ya chumvi, kisha utafute minyoo kwenye mashapo.

Vinasaba ndivyo hufunga kiungo hiki. Mfuatano wa sehemu ya kinasaba iitwayo 28S au ile ya COI kutoka kwa serkaria, metaserkaria na mnyoo mkubwa ukilingana, unayo hoja yenye nguvu kwamba hao watatu ni spishi moja. Peleka sampuli za ethanoli kwenye maabara yenye vifaa, kisha linganisha matokeo na yaliyomo katika GenBank, hazina ya mtandaoni ya mifuatano ya vinasaba, ukikumbuka kwamba spishi za Bahari ya Hindi magharibi zilizomo humo ni chache, hivyo kukosa jina kamili ni matokeo ya kawaida na si kushindwa.

Mayai yakipatikana, yaweke katika maji ya bahari gizani kwa siku kadhaa na uyatazame kila siku. Yakianguliwa, mirasidia huogelea. Yasipoanguliwa, huenda ni ya aina inayosubiri kumezwa, kama ilivyo kwa Euhaplorchis, na konokono wachanga safi walishwe mayai hayo pamoja na chakula chao.

Hatua ya nane: namna ya kuandika matokeo

Chora mzunguko wako kwa mistari ya namna tatu: mzito kwa kiungo kilichothibitishwa kwa jaribio au kwa vinasaba, mwembamba kwa kile kilichoonekana porini tu, na wa vipande kwa kile unachokikisia. Mchoro wa kwanza wa mtafiti mwaminifu huwa na mistari mingi ya vipande. Toa serkaria majina ya muda, kwa mfano serkaria wa kwanza wa Terebralia, hadi ushahidi utakaporuhusu jina la kisayansi. Haraka ya kutoa majina imezaa spishi nyingi za makaratasi ambazo wengine hutumia miaka kuzifuta.

Andika pia uzito, si idadi peke yake. Katika mabwawa matatu ya California na Baja California, kundi la mtafiti Kuris lilionyesha mwaka 2008 kwamba uzito wa serkaria wanaotolewa kwa mwaka ulizidi uzito wa ndege wote wa mabwawa hayo. Matokeo hayo yasingepatikana kama konokono wangehesabiwa bila kupimwa ni sehemu gani ya nyama yao ilikuwa ya kimelea.

Vimelea visivyofuata njia hii

Sacculina carcini, anayemwingia kaa Carcinus maenas wa Ulaya, ni wa ukoo wa viumbe wanaojibandika kwenye miamba na ngalawa, ingawa kwa sura ya utu uzima hafanani nao hata kidogo. Hana mwenyeji wa pili. Lava wa kike hutua juu ya kaa, hudunga chembe zake ndani, naye huenea kama mizizi katika mwili wote kabla ya kuchomoza mfuko chini ya tumbo, pale kaa jike anapobeba mayai. Lava wa kiume huingia ndani ya mfuko huo na kuurutubisha. Kaa, hata akiwa dume, huutunza kana kwamba ni mayai yake. Kwa jamii hii kusanya kaa wenye mfuko, subiri lava watoke, na uwafuge kwa hatua. Jaribio la kutafuta mlaji ni kazi bure.

Perkinsus marinus, kimelea cha chembe moja na muuaji wa chaza aliyeelezwa mwaka 1950, hupita kutoka chaza hadi chaza bila mnyama wa kati. Hutambuliwa kwa kuloweka vipande vya nyama katika chakula cha maabara chenye thioglikoleti, njia iliyobuniwa na Ray mwaka 1952, kisha kuvitia aidini. Chembe za kimelea hugeuka buluu nyeusi. Marteilia refringens, kimelea kingine cha chaza, anaonekana kumpitia krustasia mdogo wa planktoni (viumbe wadogo wanaoelea majini), Paracartia grani, katika safari yake, na mfugaji wa chaza anayekagua chaza pekee hawezi kumwona huko.

Mgumu kuliko wote ni Haplosporidium nelsoni, aliyegunduliwa baada ya vifo vikubwa vya chaza katika Delaware Bay, Marekani, mwaka 1957. Majaribio ya kumhamisha moja kwa moja kutoka chaza mgonjwa hadi chaza mzima hayakufaulu, jambo linaloashiria mwenyeji wa kati ambaye hajatambuliwa. Kwa kimelea cha namna hii, geuza utaratibu: ning'iniza vikapu vya chaza safi katika maji yenye maambukizo kwa vipindi vifupi vinavyofuatana, ukibadilisha kikapu kila wiki mbili, ujue ni majira gani maambukizo huingia, kisha chuja planktoni na uchimbe tope katika majira hayohayo, na uchunguze kila mnyama aliyemo kwa vinasaba vya kimelea hicho.